Malai ya Mwalimu Mkuu

Zulaa alianguka tena kwenye ngazi za shule, na safari hii wenzake hawakucheka, maana walishachoka kucheka. Alikuwa na miaka minane. Miguu yake ilipinda kwa nje kuanzia magotini, matege yale yale ambayo sisi wakazi wa mtaa wa mahema, mlimani juu ya Ulaanbaatar, tumeyazoea mpaka tunasema ndivyo watoto walivyoumbwa. Uongo mtupu. Baridi ya kwetu ni ndefu, watoto hufungiwa ndani ya mahema ya sufu wamefunikwa mpaka puani, na jua likijitokeza hukuta moshi wa makaa ya mawe umelitangulia. Mtoto asiyeona jua mifupa yake hulainika. Hata serikali inajua hilo, na ndiyo maana shule yetu ililetewa maziwa yaliyotiwa vitamini D, kikombe kimoja kwa kila mtoto kila asubuhi, na mwalimu mkuu akapigwa picha amekumbatia kopo la maziwa kama mtu aliyepata mjukuu.

Dolgor, mama yake Zulaa, aliitwa kutoka kiwanda cha sufu alikokuwa akishona. Alimkuta mtoto amekalishwa jikoni juu ya gunia la viazi, na mpishi Handsuren amesimama mbele ya sufuria kubwa, akichota maziwa kwa upawa na kuyamimina tena kutoka juu mpaka yakafanya povu.

"Mchukue mwanao," Handsuren akasema bila kugeuka. "Kila wiki ni yeye. Mimi niliajiriwa kupika, sikuajiriwa kuokota watoto."

"Maziwa anakunywa?"

"Anakunywa? Analamba mpaka kikombe! Wee dada, usije ukatafuta mchawi hapa kwangu. Miguu hiyo umeipinda mwenyewe, ulivyokuwa ukimkaza nguo alipokuwa mchanga kama unafunga mzigo wa posta. Mbona wa wenzako wamenyooka?"

Wasichana waliokuwa wakiosha vikombe walicheka. Dolgor hakujibu, kwa sababu anayemjibu mpishi wa shule jibu hulipwa na mtoto wake kesho yake kwenye sahani. Alimbeba Zulaa mgongoni, msichana mkubwa namna ile, akapanda naye mlima huku majirani wakichungulia juu ya nyua za mbao.

Daktari alishamwambia wazi tangu majani yalipokauka: damu ya mtoto ilikuwa na vitamini kidogo mno, matone ya dawa yalikuwa yamekwisha kliniki, basi bahati yao ni yale maziwa ya shule. Ayanywe majira yote ya baridi, kisha apimwe tena. Mifupa isipokaza kufikia kiangazi, itabidi ivunjwe na kuungwa upya hospitali kuu. Dolgor alikuwa hasemi neno hilo kwa sauti. Alikuwa akiliota tu, na ndotoni mvunjaji alikuwa yeye.

"Yana ladha gani hayo maziwa yenu?" mama mkwe wake, Bi Baljid, alimuuliza mjukuu jioni ile, akimkanda magoti kwa mafuta ya kondoo.

"Kama maji ya moto, bibi."

"Ng'ombe wa mjini," Bi Baljid akasema kwa dharau. "Wanakula maboksi. Maziwa yatoke wapi?"

Siku iliyofuata Dolgor alikwenda kwa mwalimu mkuu.

Mzee Jamsran alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, mtu wa kumpenda kabla hujamjua. Alimkaribisha kiti, akamwuliza habari za mume wake aliyekuwa akichimba makaa kusini, akamsikiliza huku anakula. Mbele yake palikuwa na chai, mkate na bakuli la malai, ule utando mzito wa manjano unaoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa, ambao kwetu hapana chakula cheupe, yaani cha maziwa, kinachoushinda heshima. Aliupaka kwenye mkate kwa kidole gumba kutoka ukingo hadi ukingo.

"Mwanangu, miguu ni jambo la Mungu," alisema. "Maziwa yetu hayana shida. Mimi mwenyewe nasimamia. Kila kikombe kinajaa, hakuna anayerudi darasani mikono mitupu. Hebu onja uone, tusiandikie mate na wino upo."

Akaukata mkate, akaulemeza kwa malai, akampa kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa umeshikilia kiwiko, kama inavyompasa mkubwa anayemheshimu mgeni. Kukataa haiwezekani. Dolgor aliupokea kwa mikono miwili, akala. Malai yaliyeyuka mdomoni, matamu, mazito, na kwa kuwa alikuwa ametoka nyumbani na chai tupu tumboni, alijikuta analamba vidole.

"Unaona?" Jamsran akacheka.

"Matamu, mwalimu."

"Sasa nenda kazini, uache kusikiliza maneno ya mtaani."

Akashukuru. Mlangoni akageuka akashukuru tena. Yaani alishukuru mara mbili, na hizo shukrani ndizo zilizokuja kumtesa kuliko hata matusi ya jikoni.

Siku ya kupimwa tena ilipofika, daktari aliangalia majibu, akamwangalia Dolgor kama mtu anayemwangalia mwizi wa kuku.

"Mama, maziwa ya huyu mtoto anakunywa nani?"

"Anakunywa mwenyewe."

"Usinidanganye. Vitamini imeshuka, haikupanda. Nyie watu wa mlimani nawajua, mtoto akipewa kitu mnampa bibi. Au mnauza?"

"Hatuuzi!" Dolgor akasema. "Yanachemshiwa kule kule shuleni, anakunywa kule kule. Muulize mwenyewe."

Zulaa akatikisa kichwa kukubali. Daktari akakunja uso, akafikiri kidogo.

"Kuchemsha hakudhuru. Wakishachemsha, wanaengua juu?"

"Malai? Bila shaka wanaengua. Nani hapa duniani anaacha malai juu ya maziwa?"

Daktari hakucheka. Aliweka kalamu mezani, na Dolgor aliona uso wake unabadilika, ukali ukitoka na kitu kibaya zaidi kikiingia, huruma.

"Mama Zulaa, hii vitamini haikai kwenye maji. Inakaa kwenye mafuta. Ukiengua mafuta umeiengua nayo karibu yote. Mwanao amekunywa maji meupe tangu shule ilipofunguliwa."

Akafungua kabati, akatoa chupa ndogo ya matone yaliyokuwa yameletwa wiki ile, akaeleza yatiwe mangapi. Akaahidi kuwaandikia wakubwa wake, lakini ofisi zilikuwa zinafungwa kwa sikukuu, na barua isingesomwa kabla sikukuu haijaisha. Dolgor alisikia kwa mbali. Alikuwa ameukumbuka upawa wa Handsuren ukipanda na kushuka, povu likifanywa makusudi ili malai yakae mazito. Akaukumbuka mkate. Alikuwa amekula mifupa ya mwanawe mwenyewe, akalamba vidole, akasema asante.

Kwenye benchi la nje alikaa kuvuta pumzi, akakuta pembeni yake ameketi Tungalag, binti yake mwalimu mkuu, na mtoto wake Anu, aliyekuwa darasa moja na Zulaa. Anu alivaa buti za sufu mpaka magotini na alikuwa akilia kimya kimya.

"Miundi inamuuma," Tungalag akasema. "Hataki hata kucheza. Na miguu, angalia, inaanza kujikunja. Baba anasema ni ya kurithi tu, itajinyoosha."

Dolgor aliufungua mdomo. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa moja tu, malai, na mama yule angelielewa pale pale. Akaufunga mdomo. Akamtazama Anu, akamwona babu yake akipaka mkate kwa kidole gumba, na moyoni mwake kitu kikakaa sawasawa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hapana. Jambo hili halikuwa la kusemwa kwenye benchi, kwa mtu mmoja, kwa kunong'ona. Mwezi Mweupe, sikukuu yetu ya mwaka mpya, ulikuwa unakaribia, na siku hiyo mtaa mzima hupita nyumbani kwa Jamsran kumsalimu.

"Itajinyoosha," akamjibu Tungalag.

Kwa hiyo watoto wa shule nzima waliendelea kunywa maji meupe mpaka siku ya sikukuu, na Dolgor alijua. Wengine mtaani mpaka leo wanamlaumu kwa hilo, na sina la kuwajibu. Ninachojua ni kwamba yeye hakuwahi kujitetea.

Asubuhi ya mwaka mpya Bi Baljid alimkamata mkwewe mlangoni akiwa ameshavaa joho lake la hariri. Dolgor alikuwa amemweleza yote usiku uliotangulia, na kikongwe hakuwa amelala.

"Usiende na moyo huo. Leo hakuna anayesema neno baya, hata kwa mbwa. Ukiufungua mwaka kwa matusi, mwaka mzima utakuwa hivyo hivyo. Utatuharibia mwaka, mwanangu."

"Mwaka ulishaharibika, mama. Ulianzia magotini."

"Ngoja siku tatu zipite. Nitakwenda nawe mimi mwenyewe, nimpasulie ukweli ofisini kwake."

"Ofisini hakuna watu," Dolgor akasema, akamshika Zulaa mkono wakatoka.

Nyumba ya Jamsran ilijaa. Walimu walikuwepo, wazazi walikuwepo, Handsuren alikuwa akizungusha chakula kwa joho jipya. Katikati ya meza mikate mirefu ya sikukuu ilikuwa imepangwa ghorofa kwa ghorofa, na pembeni yake nyama ya mgongo wa kondoo. Jamsran alikaa upande wa heshima, kofia kichwani, akipokea watu mmoja mmoja. Dolgor alipofikiwa na zamu aliinyoosha mikono yake chini ya mikono ya mzee, akambeba viwiko kama desturi inavyotaka.

"Umeuvuka mwaka salama, mwalimu?"

"Salama, mwanangu, salama kabisa. Na nyumbani kwako?"

Dolgor hakujibu. Wachache walilitambua hilo. Akaketi, na Handsuren akamjia na bakuli la malai na kijiko. Mgeni hata kama ameshiba mpaka kooni hugusa kidogo kwa ncha ya kidole, ndiyo baraka ya mwaka. Dolgor alikunja mikono, akaiingiza ndani ya mikono ya joho lake.

"Chukua basi, dada," Handsuren akasema akitabasamu. "Mkono unaniuma."

"Sichukui."

Watu waliacha kutafuna. Jamsran akacheka kicheko chake cha karibu.

"Anaona haya. Onja, mwanangu. Ofisini mbona ulilamba mpaka vidole?"

"Nililamba, na nikakushukuru. Sikujua ninachokula." Sauti yake ilikuwa ya chini, na kwa kuwa ilikuwa ya chini kila mtu aliisikia. "Vitamini ya yale maziwa inakaa kwenye mafuta, mwalimu. Daktari kaniambia. Handsuren anaengua mafuta anakuletea wewe, na walimu wako, na wageni wako. Watoto wanabakiwa na maji. Mwanangu amepimwa, imeshuka. Hiki kilichomo humu bakulini ni magoti ya watoto wenu."

Mwalimu mmoja alikitua kijiko chake mezani, taratibu, kama kinachoweza kulipuka.

"Dolgor," Jamsran akasema, kicheko kimekwisha. "Leo ni siku ya kwanza ya mwaka. Nyamaza, kwa faida yako mwenyewe."

"Wivu huo!" Handsuren akadakia. "Kumbebesha mtu mwingine ulemavu wa mwanao, siku kama ya leo!"

Hapo ndipo Dolgor alipofanya alichokuja kufanya. Alimgeukia Tungalag, aliyekuwa ameketi kwenye kona ya wanawake na mwanawe mapajani.

"Dada Tungalag, kliniki uliniambia ni ya kurithi. Baba yako miguu yake imenyooka kama nguzo za umeme. Wewe yako imenyooka. Huyo mtoto kamrithi nani? Mvue buti watu waone."

"Mwache mjukuu wangu!" Jamsran alipaza sauti, na ilikuwa mara ya kwanza mtaa wetu kumsikia akipaza.

Tungalag hakumvua mtoto buti. Hakuhitaji. Alimtazama baba yake, na sote tuliokuwepo tuliona hesabu inavyopita usoni mwake, asubuhi baada ya asubuhi.

"Baba. Kila siku?"

"Ni desturi, binti yangu! Kilicho bora huenda kwa mkubwa. Baba yangu alikula hivyo, na babu yangu. Sikuiba hata tone moja. Vikombe vyote vilijaa, muulize yeyote, vilijaa mpaka juu!"

Na ilikuwa kweli. Hakuiba. Alikuwa karibu kulia alipolisema, na wapo waliomwonea huruma. Dolgor hakuwemo.

Tungalag alimweka mtoto chini, akamnyang'anya Handsuren bakuli, akalibinua juu ya sahani ya baba yake. Chakula cheupe kumwagwa siku ya kwanza ya mwaka, na binti, mbele ya wageni! Mwanamke mmoja aliziba uso. Malai yalitambaa juu ya nyama, yakashuka ukingoni mwa meza mpaka magotini mwa mzee, na hakuna aliyethubutu kuyapangusa. Tungalag alimfunga Anu shali, akambeba, akatoka bila kuaga.

Dolgor alitoka nyuma yake. Nje baridi ilikuwa inakata masikio, fataki zikilia mbali mjini, na yeye alicheka. Alicheka peke yake akiteremka njia ya barafu, mkono mmoja umemshika Zulaa, na machozi yakamgandia kwenye kope. Ilikuwa furaha, sitaificha kwa jina jingine.

"Mama, kwa nini Anu alikuwa analia?" Zulaa akauliza.

Dolgor akaacha kucheka.

Baada ya sikukuu kina mama walishika zamu jikoni. Hakuna aliyemfukuza Handsuren. Walisimama tu kando yake kila asubuhi, wamekunja mikono, wakimtazama anavyokoroga ili malai yarudi ndani, na akitaka kuacha kukoroga mmoja alikohoa. Alikonda mtu yule. Kwa mara ya kwanza watoto walirudi nyumbani na sharubu za mafuta juu ya midomo.

Jamsran aliendelea kuwa mwalimu mkuu, lakini watu waliacha kumpelekea watoto wao awabariki. Tungalag alimhamishia Anu shule ya upande wa pili wa mji na simu za baba yake akawa hazipokei. Siku moja theluji ikiwa inayeyuka, mzee alikuja uani kwa Dolgor. Alikuwa ameshusha mikono ya joho mpaka vidoleni, kofia imekaa sawa, jinsi mdogo anavyokwenda kwa mkubwa wake kuomba. Bi Baljid alipomwona hivyo aliinuka, akaingia hemani asishuhudie.

"Sikuja unisamehe," Jamsran akasema. "Nisamehe usinisamehe, ni juu yako. Nataka umwambie Tungalag kwamba yamekwisha. Amesema siku mama yake Zulaa atakaposema yamekwisha, ndiyo siku atakayomleta mtoto. Dolgor, sijamwona Anu tangu sikukuu."

Dolgor alikuwa akianika nguo. Alibana shati la mwisho kwanza.

"Siku Zulaa atakapokimbia kutoka ngazi za shule mpaka langoni bila kuanguka, nitakwenda kumwambia mwenyewe."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Tangu hapo ungemkuta mwalimu mkuu kila mapambazuko anavunja barafu ya uwanjani kwa sururu, peke yake, kutoka ngazi mpaka lango. Barafu ilipokwisha akaanza kuokota mawe. Watoto wakubwa walimwita mfagiaji, naye alijifanya hasikii. Zulaa alipopita, mzee alisimama kando, akimtazama miguu, na kila alipojikwaa mzee ndiye aliyeshtuka.

Matone yalifanya kazi, maziwa yakafanya kazi, na jua la masika likafanya lililobaki. Matege hayakwisha, ila daktari alisema mifupa imekaza, na habari ya kuvunjwa akaifuta kwa mkono kama anafukuza nzi. Dolgor alilia pale pale kliniki.

Siku ya kufunga shule alikwenda kumchukua mwanawe. Alisimama langoni, na Zulaa alipomwona kutoka juu ya ngazi alishuka, akaanza kutembea, kisha bila kuambiwa na mtu akatimua mbio. Alikimbia vibaya, miguu ikirushwa pembeni, utepe mweupe ukimtoka kichwani. Dolgor aliinua mkono akampungia bila kujua anapunga. Katikati ya uwanja mtoto aliyumba, akajirekebisha, akaja, akaja, mpaka akajipigiza kwenye tumbo la mama yake.

"Nimefika! Mama, nimefika!"

Mzee Jamsran alikuwa akija nyuma yake mbio mbio, fagio mkononi, anatweta, uso umelowa machozi.

"Umeona, Dolgor? Amefika! Hakuanguka! Umeona mwenyewe!"

Dolgor aliokota utepe, akaufunga nywele za mwanawe polepole, akaunyoosha pande zote mbili.

"Sikuona, mzee," akasema. "Nilikuwa naangalia kwingine."

"Lakini mama," Zulaa akasema, "ulinipungia mkono."

Dolgor alimshika mtoto mkono, wakaanza kupanda mlima, na Zulaa peke yake ndiye aliyekuwa akigeuka nyuma.